Kiti Chenye Kutu

Kamanga, Sengerema
23 Juni 2025

Kwako Fundi Obedi Chenge,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi ni mjane wa Muganyizi Ishengoma, aliyekuwa bwana mifugo huku kwetu. Ulikuja mwezi wa tano kuikagua Landrover yake ya kijani. Nakuandikia kwa sababu siku ile uliniambia simu huisikii tena, masikio yamekwisha kwa nyundo, na mwenye neno na wewe aandike. Mimi kuandika sioni tabu. Nilifundisha ushonaji miaka kumi na tisa na taarifa zote niliandika kwa mkono.

Anayekuletea sanduku hili ni Selina. Anauza mananasi huko Mwanza na anavuka na kivuko kila Jumanne na Ijumaa. Ndani utakuta bawaba nne za milango, dramu mbili za breki, kibebeo cha betri na fremu ya kiti cha mbele, kile cha abiria. Ndivyo ulivyonielekeza nivitume kwanza. Bampa litafuata.

Kuhusu hiyo fremu nikuonye mapema: ndiyo mbovu kuliko vyote. Kiti kile kimekuwa na kutu tangu Florian, mwanangu, hajazaliwa. Marehemu alimwambia kila mtu. Mimi mwenyewe nilikikalia nikiwa nimetandika khanga. Fremu yenyewe sikuifuta, imejaa grisi nyeusi ya miaka.

Nikueleze pia kwa nini nina haraka. Wiki iliyopita limefunguliwa daraja la kutoka Kigongo hadi Busisi. Marehemu alikaa foleni ya kivuko pale maisha yake yote ya kazi, na chanjo za ng'ombe kwenye barafu inayoyeyuka. Nguzo zilipoanza kusimama alikuwa akiniambia, "Mama Florian, likiisha tutavuka na gari letu. Hatushuki, hatusimami. Nitapunguza mwendo tu uangalie maji." Alifariki tarehe 4 Oktoba mwaka jana. Nataka tarehe 4 Oktoba mwaka huu gari hilo livuke, na mimi nikiwa mbele.

Florian yuko Dodoma. Anasema nahangaika na mabati. Tumekubaliana kwamba tarehe hiyo ikipita gari halijatembea, atamwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Ni mtoto mzuri, hana ubaya. Ila akisema neno huwa halirudishi.

Wako,
Felicitas Ishengoma (Mama Florian)


Nyakato, Mwanza
28 Juni 2025

Mama Florian, shikamoo.

Sanduku limefika. Selina amenipa na nanasi moja, sikuelewa kama ni lako au lake. Nimelila. Kama nimekosea mnisamehe wote wawili.

Mama, naomba uvumilivu. Wapo mafundi watakaokurudishia vitu hivi baada ya siku mbili, wamevisugua na mashine ya kukatia vyuma hadi vinang'aa kama kijiko. Usiwape. Mashine ile inaondoa kutu pamoja na chuma chenyewe, na kutu iliyo ndani ya vishimo inabaki imejificha. Ukipaka rangi juu yake, baada ya masika mawili inatoka tena.

Mimi natumia molasesi, ule uji mweusi unaobaki kiwandani baada ya sukari kutoka. Natia kopo moja la molasesi kwa makopo tisa ya maji ndani ya pipa, nazamisha chuma, nafunika na gunia, naacha wiki tatu. Inakula kutu na kuacha chuma. Harufu yake si nzuri, majirani wananisema. Ikitoka naosha, nakausha palepale juu ya jiko la mkaa, maana hewa ya ziwa hapa kwetu haina huruma. Chuma kitupu ukikiacha saa moja tu, utakuta kimeshaanza wekundu. Kikiwa bado cha moto napaka praima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu.

Bawaba, dramu na kibebeo cha betri vimeingia leo. Fremu ya kiti nitaanza nayo baadaye kwa sababu ya grisi.

Mwanao,
Obedi Chenge


Kamanga
24 Julai 2025

Fundi Obedi,

Marahaba. Nimepokea bawaba, dramu na kibebeo. Rangi yake ni ya kijivu, sivyo nilivyovizoea, lakini ni safi. Nanasi lilikuwa la Selina. Amecheka, akasema, "Mwambie fundi nitamdai kwa Mungu."

Sasa kuna jambo ambalo sikukwambia. Kabla sijakutumia vitu hivi nilivipeleka dukani kwa jirani yangu Evelina, tukavipima kimoja kimoja kwenye mizani yake ya kupimia unga. Jana tumevipima tena. Dramu ya kwanza imepungua robo kilo. Ya pili imepungua kidogo zaidi ya hapo. Bawaba zote nne zimepungua. Hakuna hata kimoja kilichorudi na uzito wake.

Sikuiti mwizi. Nakuuliza tu kama mtu anavyouliza. Tangu nifiwe nimejifunza kuuliza. Siku ya tatu baada ya mazishi, shemeji yangu aliichukua baiskeli ya marehemu "kuitunza", na bado anaitunza. Mtu mwingine, simjui hata jina, alikuja kudai kwamba marehemu alimwahidi bomba la kunyunyizia dawa ya kupe. Nikampa. Baadaye nikakumbuka kwamba marehemu hakuwahi kuahidi kitu bila kukiandika nyuma ya kalenda, nikageuza kalenda zote, sikuona kitu.

Kwa hiyo nakuomba unijibu waziwazi: hizi ni dramu zetu, au ni za gari jingine, jepesi?

Na fremu ya kiti iko wapi?

Felicitas Ishengoma


Nyakato, Mwanza
28 Julai 2025

Mama, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara mbili, sikukasirika. Ningekuwa wewe, ningepima pia.

Nakutumia chupa kubwa ya plastiki. Usimwage kilichomo. Ni magamba niliyoyagonga kwa nyundo ndogo kutoka kwenye vitu vyako kabla ya kuvizamisha, pamoja na tope la chini ya pipa, nimelikausha juani. Lipime kwa Evelina. Halitalingana sawasawa, maana sehemu ya kutu imeyeyuka ndani ya molasesi na maji yake nimemwaga. Lakini utaona. Kutu ina uzito, mama. Inakaa juu ya chuma kama sehemu ya chuma, mpaka uiondoe ndipo unajua kilichobaki ni kiasi gani.

Pia geuza dramu ya kwanza upande wa ndani. Kuna alama ya patasi, mistari mitatu. Aliipiga marehemu, si mimi. Ilikuwa imefunikwa. Nadhani ilikuwa ya kumkumbusha upande.

Halafu, tafadhali, vitu hivyo usivifunge kwenye nailoni. Selina ameniambia umevifunga. Nailoni inatoa jasho usiku, asubuhi utakuta kutu imerudi. Vifunge kwa kitambaa kikavu chenye oili kidogo, viweke juu ya ubao, visiguse sakafu.

Fremu ya kiti itachelewa kidogo.

Obedi Chenge


Kamanga
11 Agosti 2025

Fundi Obedi,

Marahaba. Tumepima chupa. Imekaribia. Evelina alisema, "Dada, huyu mtu kakuletea uchafu wako ukiwa umekaushwa, unataka nini tena?" Tukacheka hadi wateja wakatushangaa. Na mistari mitatu nimeiona. Upande wa kushoto. Hata viatu vyake vya kazini alivitia alama mistari mitatu ya kalamu kwenye cha kushoto, kwa sababu alivivaa alfajiri akiwa na usingizi. Nilikuwa nimesahau viatu vile. Asante kwa hilo.

Nimevitoa kwenye nailoni.

Lakini fremu, fundi. Umeandika itachelewa kidogo, hukusema kwa nini. Kwenye kila jambo unanieleza mpaka makopo ya maji, ila kwenye fremu unaandika sentensi moja. Mimi nimesahihisha madaftari ya wanafunzi. Mwenye jibu huandika, asiye nalo hufupisha.

Na Selina amenirudia Ijumaa na maneno. Nayaandika kama alivyoyasema: "Mama, pale kwa fundi kuna kiti kama chako kimening'inizwa kwenye waya kinakaushwa rangi. Nikamuuliza cha nani. Kanijibu cha mzee Ngosha wa Misungwi, ana Landrover kama yenu. Nikamuuliza, na cha Mama Florian? Hakusikia. Nikapiga kelele, CHA MAMA FLORIAN? Nakwambia mtaa mzima umesikia. Yeye kaniangalia tu, kaenda kunawa mikono."

Sikujua kama una mteja mwenye gari kama letu. Hukuniambia.

Felicitas Ishengoma


Nyakato, Mwanza
16 Agosti 2025

Mama, shikamoo.

Selina anakuletea fremu ya kiti. Nimeipaka praima na rangi mkono mmoja. Ndani ya mabomba nimemimina oili nikaigeuzageuza, isipate kutu kwa ndani ambako macho hayafiki.

Haikuhitaji kazi kubwa.

Ni kweli nina kazi ya mzee Ngosha. Ningekuambia, sikuona kama inahusu.

Naomba bampa.

Obedi


Kamanga
20 Agosti 2025

Kwa Obedi Chenge,

Fremu uliyoleta si yangu.

Nimechukua wembe nikakwangua rangi sehemu tano. Chini yake chuma ni laini kama mgongo wa kijiko. Bawaba ulizorudisha zina vishimo, dramu zina vishimo, na wewe mwenyewe uliniandikia kwamba kutu inakula vishimo. Fremu hii haina hata kimoja. Kiti kilichokuwa na kutu miaka thelathini na nne kitarudije bila kovu? Na umeandika kwa mkono wako: haikuhitaji kazi kubwa.

Chini yake, sehemu ya mbele, kuna matundu mawili madogo yaliyozibwa kwa risasi ya kuyeyusha na kusuguliwa. Kuziba kumefanywa karibuni. Ulikuwa unaficha nini? Alama ya mzee Ngosha?

Nimewaza hivi. Fremu yangu mbovu umempa yeye, au umeitupa, na hii nzuri umeniletea ili ninyamaze. Evelina anasema, "Sasa dada, kakuibia kibovu kakupa kizuri, huyo mwizi wa wapi?" Yeye anaona ni kichekesho. Mimi sitaki kizuri. Kile kibovu ndicho nilichokikalia. Nilikikalia nikiwa na mimba ya Florian, na siku tuliyomzika mama yangu, na siku marehemu aliponipeleka Bugando kupimwa macho na akanisubiri nje kwa saa sita na redio yake. Nataka kile.

Bampa sitatuma. Nakupa hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo nitavuka mwenyewe na Selina hadi kwa mwenyekiti wa mtaa wako, na nitabeba mizani.

Felicitas Ishengoma


Nyakato, Mwanza
26 Agosti 2025

Mama Florian, shikamoo.

Barua yako ya mwisho haikuitikia shikamoo yangu. Sijawahi kunyimwa marahaba na mtu mzima tangu nikiwa mtoto Magu, na nimekaa nayo siku tatu. Lakini siwezi kusema sikustahili.

Fremu ni yako. Naapa kwa marehemu mama yangu. Ya mzee Ngosha ina matundu manne ya kufungia, yako ina sita, nenda kaweke kwenye gari uone kama bolti hazitakaa. Hilo la kwanza.

La pili ndilo nililolificha.

Kazi ya kwanza kwenye chuma chenye grisi si kutu, ni grisi yenyewe, maana ikibaki molasesi haipenyi. Kwa hiyo naanza na kostiki, ile soda kali ya watengeneza sabuni, kwenye maji ya moto. Chuma haikigusi. Lakini alumini inaila kama mchwa. Kila fundi anajua. Ndiyo maana kabla ya kuzamisha kitu napitisha sumaku kila upande, isiponata, nasimama. Nimefanya hivyo miaka ishirini na sita. Fremu yako, upande wa chini, sikuipitisha. Grisi ilikuwa nene kama ugali na ilikuwa Alhamisi, nilitaka Selina akija kesho yake aikute imeshaingia kwenye molasesi. Nikaizamisha.

Baada ya muda nikaona maji yanatoa povu, na moto nilishauondoa. Nikaivuta na ndoano. Chini ya kiti, mahali ambapo mtu hawezi kuona mpaka akifungue chote, kulikuwa na kibati cha alumini kimebanwa kwa ripiti mbili, zile pini za kushikia bati. Herufi zilikuwa zimegongwa kwa msumari, nukta moja moja. Nusu ilikuwa imeshaliwa.

Nakitumia ndani ya karatasi hii. Kishike polepole, kingo zake zimekuwa nyembamba kama karatasi. Utasoma mstari wa kwanza KITI CHA, halafu pamekwenda, pana tundu tu. Mstari wa pili ASIKALIE MTU, na penyewe pamekwenda. Chini kuna tarehe 18-3-91, imebaki nzima.

Jina ndilo lililoliwa. Sikuwahi kulisoma.

Kwa nini sikukwambia? Kwanza aibu. Nimeharibu kitu ambacho hakitengenezeki. Lakini kuna sababu nyingine. Nimefungua viti vya watu wengi, mama. Nimekuta pini za nywele, hereni moja, barua. Nimejifunza kufumba mdomo. Nikajiuliza, kama jina lililokuwa hapa si la huyu mama? Yeye hajui kama kibati kipo. Nikikiondoa, nikaziba matundu, nani ataumia? Nikakifunga kwenye kitambaa, nikakiweka kwenye kopo la misumari. Nimekiangalia kila siku tangu hapo.

Jambo la mwisho. Umesema kiti hiki kilikuwa na kutu. Mimi niliifuta grisi ile kwa mkono wangu. Chini yake hapakuwa na kutu yoyote. Sijui nani alikwambia ilikuwepo. Kwenye gari zima, hii ndiyo sehemu iliyotunzwa kuliko zote. Mtu alikuwa akiipaka grisi mpya juu ya ile ya zamani, mwaka baada ya mwaka, tabaka juu ya tabaka.

Fanya utakavyoona.

Obedi Chenge


Nyakato, Mwanza
8 Septemba 2025

Mama, shikamoo.

Selina amepita mara tatu bila barua. Nikimuuliza anainua mabega. Ijumaa amenipa nanasi na kuondoka bila neno, sijui lina maana gani. Sijalila.

Sitaki malipo ya kazi yote iliyofanyika. Kama utamleta mwenyekiti, niko hapa kuanzia asubuhi. Lakini tarehe 4 imekaribia, na bampa linahitaji wiki tatu. Usiache gari likatwe kwa sababu yangu.

Obedi


Kamanga
15 Septemba 2025

Fundi Obedi, mwanangu,

Marahaba. Na ile ya tarehe 26, marahaba. Na ya tarehe 8 pia.

Niwie radhi kwa kimya. Nilikiweka kibati mezani na sikuweza kuandika. Nitakwambia kilichonishika, kwa sababu wewe umeniambia chako.

Tarehe 16 Machi 1991 ilikuwa Jumamosi, mdogo wangu Annet aliolewa Misungwi. Najua tarehe kwa sababu picha iko ukutani. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Nilipofika gari lilipo ili twende, nilimkuta Odeta, karani wa ofisi ya mifugo, ameshakaa mbele. Alikuwa mzuri, amevaa gauni jeupe. Marehemu alikuwa anafunga mbuzi nyuma, hakuona uso wangu. Nilipanda nyuma na mbuzi wawili na mikungu ya ndizi. Kutoka hapa hadi kivuko, na kutoka kivuko hadi Misungwi, nilitazama mgongo wa kichwa cha Odeta. Ningeweza kukuhesabia misuko yake hata leo. Tuliporudi Jumapili ilikuwa vilevile. Nyumbani nilipika, nikalala. Sikumwambia mume wangu siku ile wala miaka iliyofuata. Ila nilimshuku. Si kila siku. Akichelewa Biharamulo, nilimshuku. Akinyamaza, nilimshuku. Ukiulizwa huwezi kusema ni kwa sababu gani, lakini lipo.

Kwa hiyo ulipoandika KITI CHA na tundu, jina nililoliona kwenye lile tundu halikuwa langu. Wiki mbili nzima lilikuwa la Odeta. Nilikaribia kumpigia Florian nimwambie amlete mtu wa vyuma chakavu hata kesho.

Kilichonizuia ni maneno yako kwamba hapakuwa na kutu.

Nikaanza kukumbuka. Nani aliniambia kiti kina kutu? Ni yeye. Lini? Mwaka uleule. Juma moja baada ya harusi Odeta alikuja tena anataka lifti, na gauni lake lilelile. Nilikuwa hapo uani naanua nguo. Nilimsikia marehemu akimwambia, "Usikae hapo, kiti kina kutu, kitakuharibia gauni." Odeta akapanda nyuma. Akanipungia mkono anacheka, "Mumeo hana hata hela ya rangi!" Tangu siku hiyo marehemu alimwambia kila mtu. Paroko aliambiwa, akakaa nyuma. Mkuu wake wa kazi kutoka Mwanza aliambiwa, akakaa nyuma. Miaka thelathini na tatu hakuna mtu aliyekaa pale isipokuwa mimi, na mimi nilidhani ni kwa sababu mke wa bwana mifugo hana gauni la kuharibika.

Nilitandika khanga. Nikishuka niliikung'uta na kuikunja. Fundi, khanga ile ilikuwa safi kila siku. Miaka yote hiyo naikung'uta, haikuwahi kuwa na hata alama nyekundu. Sikujiuliza.

Nina jingine la kukuchekesha. Nilipokipeleka kibati kwa Evelina alikigeuza upande wa pili, akasema, "Hiki si mfuniko wa sufuria?" Ni kweli. Ukikigeuza kina duara la mfuniko. Mwaka 1991 ulipotea mfuniko wa sufuria yangu kubwa, na nilimshuku yeye. Mwaka mzima sikumwazima hata kiberiti, na hakujua kwa nini. Nimemwambia sasa. Ameshika kiuno. "Yaani mumeo kaiba mfuniko, mimi nimekosa kiberiti?" Amenidai sufuria mpya. Nitamnunulia.

Marehemu aliona, fundi. Alikuwa anafunga mbuzi, lakini aliona. Jumatatu ile, siku iliyofuata baada ya kurudi, ndipo alipogonga msumari. Hakuniambia kwa sababu mimi sikumwambia. Ndivyo tulivyokuwa. Kila mmoja alidhani mwenzake amesahau.

Ulisema umeharibu kitu kisichotengenezeka. Usijisumbue na jina. Najua lilikuwa la nani. Kama kostiki yako isingekila, kingebaki chini ya grisi hadi mnunuzi wa vyuma akikate, na mimi ningekwenda kaburini na ule mgongo wa kichwa cha Odeta.

Sasa sikiliza. Selina anakuletea bampa na fremu na kibati. Bampa kama halitamaliza wiki tatu kwenye pipa, lisugue kwa brashi tu, tutalirudia baada ya Oktoba. Gari litavuka na bampa baya. Fremu izibue yale matundu mawili, kibati kirudi palepale, hivyohivyo kilivyo na tundu lake. Usikitengeneze, usiandike jina. Kisha kipake grisi nene. Pale nilipokwangua kwa wembe parudishie rangi mwenyewe, nimeona haya.

Njoo nayo Jumatano tarehe 1 uifunge. Florian atakuja Ijumaa. Anataka yeye ndiye aendeshe, nimemkubalia, lakini nataka wewe uwepo nyuma, usikilize injini. Najua husikii. Utaweka mkono juu ya bati kama ulivyofanya mwezi wa tano.

Evelina na Selina nao wanakuja. Selina ameshasema atakaa mbele kwa sababu yeye ndiye aliyebeba gari zima kipande kwa kipande. Florian naye anataka mke wake akae mbele, apige picha daraja.

Wewe ndiye fundi, watakuamini. Waambie kiti kina kutu.

Mama yako,
Felicitas